Uliza Fundi: Rula nzima, mikanda imepinda

Toleo lililopita nilieleza mfarishi wa mikanda ya vitenge, ule ambao wengi siku hizi mnauita kwilti, na mahali fulani nikaandika: "Kata mikanda 30 yenye upana wa inchi 2½." Kisha nikaendelea na kushona. Barua zilizofika hapa karakanani kwangu Ngamiani, Tanga, zimenionyesha kuwa niliiruka kazi yenyewe. Karibu zote zinauliza habari za rula na kukata. Basi leo cherehani tunaifunika, tunabaki mezani.

Shikamoo Fundi. Nilikata mikanda kwa rula ndefu ya plastiki na kisu cha gurudumu, kile chenye wembe wa mviringo unaozunguka, nilivyoletewa na shemeji yangu kutoka Dubai. Kila mkanda nikiukunjua unakuwa umepinda katikati kama kiwiko. Rula niliishika vizuri, haikuteleza. Nimeharibu yadi mbili za kitenge kizuri. Je, rula ni mbovu?
*Mama Mapacha, Morogoro*

Marahaba, mwanangu, na pole kwa kitenge. Rula yako haina kosa, na mkono wako haukuteleza. Kilichokuponza ni mkunjo.

Kabla hujagusa kitambaa tena, chukua karatasi ya daftari, ikunje katikati, kisha ukate mkanda kwa mkasi huku mkato umelala upande kidogo. Ikunjue. Kiwiko chako ni hicho hapo. Kila safu imekatwa kwa mstari ulionyooka kabisa, ila mistari hiyo miwili inapokutana kwenye mkunjo inafanya pembe, kama paa la nyumba. Na ukikunja mara mbili ili ukate safu nne kwa pamoja, kiwiko kimoja kinakuwa vitatu, mkanda unakwenda kama nyoka.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya rula si kupima inchi 2½. Ni kuhakikisha mkato unasimama wima juu ya mkunjo, pembemraba kamili. Upana unakuja baadaye.

Piga pasi kitenge kwanza. Kisha simama, ukishike kwa zile kingo mbili za kiwandani zenye maandishi, uzikutanishe mikononi na kuacha mkunjo uning'inie chini, kama mtu anayetaka kuanika shuka. Sasa tazama mkunjo, usitazame mikono. Mara nyingi utauona umejisokota, una mawimbi yanayokwenda mshazari. Sogeza ukingo mmoja kushoto au kulia, robo inchi, nusu inchi, polepole, mpaka mawimbi yaishe na mkunjo utulie. Ukifika hapo, nyuzi za safu ya juu zimelala sambamba na za safu ya chini. Ncha za kitambaa, pale muuzaji alipochana, zitakuwa hazilingani, moja imetangulia nyingine hata kwa inchi nzima. Ziache. Wengi huharibu hapo hapo: wanalinganisha ncha kwa sababu jicho linapenda kuona ncha zimekutana, na mkunjo unajisokota upya bila wao kujua.

Kilaze mezani mkunjo ukiwa upande wako, kitambaa chote kimekwenda kushoto, ncha zile mbovu kulia. Rula yako ina mistari mifupi inayokatiza upana wake. Chukua mmoja wa hiyo, ulaze juu ya mkunjo kabisa, mstari na mkunjo viwe kitu kimoja kuanzia ukingo huu wa rula hadi ule. Ndipo ukate, ukiondoa tu ile sehemu isiyolingana. Mkato huo wa kwanza hautoi mkanda, unatoa ukingo wa kuanzia, na mimi huutumia muda mrefu kuliko mikanda mitano inayofuata.

Sasa ukingo mzuri uko kulia kwako na unatakiwa uwe kushoto. Usikishike kitambaa kukigeuza, kitahama. Geuza mkeka wa kukatia pamoja na kitambaa chake, au zunguka meza mwenyewe. Mimi huzunguka. Laza mstari wa inchi 2½ wa rula juu ya ukingo ule mpya, mstari wa kukatiza ukae juu ya mkunjo, kisha kata. Ukiona mstari mmoja umekaa na mwingine umekataa, usilazimishe. Maana yake kitambaa kimeanza kuhama, nawe unatakiwa kunyoosha ukingo upya.

Hilo la kunyoosha upya ndilo siri isiyopendwa, kwa sababu linakula kitambaa. Kila baada ya mikanda minne ninaukunjua mmoja na kuulaza kwenye ukingo wa meza. Ukinyooka, naendelea. Ukionyesha kiwiko hata chembamba, nasimama, nanyoosha ukingo kwa kuondoa robo inchi, naanza tena. Kitenge cha yadi 6 kina inchi 216, kwa hesabu tupu kingetoa mikanda 86. Mimi huhesabu 80 na sijawahi kulalamika. Robo inchi hapa na pale ni bei ndogo sana ukilinganisha na yadi zako mbili.

Mikanda uliyokwisha kuikata usiitupe. Ile yenye kiwiko ikate pale pale kwenye kiwiko, utapata vipande viwili vilivyonyooka vya inchi 20 hivi kila kimoja. Vinafaa sana kwa mito.

Fundi, habari za kazi. Niko Columbus, Ohio, na Desemba nakuja Arusha. Dada yangu ameanza kushona mifarishi na ameniomba rula. Nilipoingia dukani nimekuta ukuta mzima wa rula: ndefu, mraba, pembetatu, za mviringo. Ninunue ipi? Fedha si nyingi.
*Dada wa Ohio*

Nzuri, mdogo wangu. Nunua mbili, na moja ukibanwa.

Ya kwanza ni ndefu, inchi 6 kwa 24, au 6½ kwa 24, zote sawa. Urefu huo una sababu: vitenge vyetu vina upana wa inchi 44 hadi 46, na ukikikunja kimoja katikati unapata 22 au 23. Rula ya 24 inavuka kitambaa chote kwa mkato mmoja. Rula ya inchi 18 ataisogeza katikati ya mkato, na pale anaposogeza ndipo pataonekana jino. Ya pili, kama mfuko unaruhusu, ni ya mraba ya inchi 12½, kwa kunyoosha vipande vilivyokwisha kushonwa. Pembetatu na mviringo ziache ukutani. Atazihitaji siku nyingine au hatazihitaji kabisa.

Tazama unene. Rula ya kazi hii ni ya akriliki, nene kama milimita 3. Kisu cha gurudumu hupanda juu ya rula nyembamba, na kikipanda kinakutana na kidole. Zamani hakukuwa na haja ya unene huo, watu walichora kwa kalamu na kukata kwa mkasi. Ni baada ya kampuni ya OLFA ya Japani kuleta kisu cha gurudumu mwaka 1979 ndipo rula nene angavu zikawa chombo cha kila mshonaji wa mifarishi.

Tazama pia rangi ya mistari. Dada yako akitumia kaniki au kitenge cheusi, mistari myeusi itapotea asiione. Zipo rula ambazo mistari yake ina rangi mbili, nyeusi pamoja na njano au kijani, hizo chukua. Na mistari iwe myembamba.

Kabla ya kulipa, ipime. Omba karatasi kubwa. Chora mstari mrefu ukifuata upande wa rula. Kisha ulaze mstari mmoja wa kukatiza juu ya mstari uliochora, uchore mstari wa pili ukipanda juu. Sasa pindua rula, upande wa juu uwe chini, uiweke mahali palepale na uchore tena. Mistari hiyo miwili ikilaliana, pembe ni mraba. Ikiachana kama mdomo wa ndege, irudishe. Hata muuzaji akikushangaa, fanya hivyo.

Njiani, ilaze katikati ya nguo katikati ya sanduku, si pembeni, maana kona ikigonga inavunjika na kona ndiyo inayotumika. Kisu na nyembe zake viende kwenye sanduku la kupakia chini, uwanjani hawatakuruhusu kuingia navyo ndani. Ukinunua na mkeka wa kukatia, ulale flati chini kabisa ya sanduku. Mwambie dada yako asiuache juani wala ndani ya gari. Mkeka ule ukishapata joto unajikunja, na ukishajikunja haurudi.

Mimi sina kisu cha gurudumu wala hiyo rula ya kuona kwa ndani. Nina mkasi, chaki na rula ya mbao ya mita moja. Je, niache?
*Mshonaji, Sengerema*

Usiache. Mfarishi wangu wa kwanza nilikata kwa mkasi, na bado uko kitandani kwa mama yangu mdogo.

Ila rula yako ya mbao iangalie kwanza. Ichungulie kwa jicho moja kama seremala anavyochungulia ubao. Za mbao hupinda kwa unyevu, na ncha zake hulika, sifuri ikapotea. Kama imelika, anza kupima kwenye sentimita 10 badala ya sifuri na utoe 10 kwenye hesabu.

Bora zaidi, nenda kwa fundi wa mabango, wale wanaokata herufi za plastiki za kuweka juu ya maduka. Wana vipande vya akriliki vinavyobaki. Mwombe akukatie kipande kimoja chenye upana wa inchi 2½ kamili na urefu wa inchi 24, unene milimita 3. Huna haja ya mistari wala namba. Kipande chenyewe ndicho kipimo: unakilaza, unachora pande zote mbili, unakisogeza. Kipime hapohapo kabla hujaondoka, mwanzo, katikati na mwisho, kwa rula ya chuma. Kikiwa na inchi 2½ huku na 2½ kasoro chembe kule, mwambie arudie. Ninacho kimoja cha namna hiyo mwaka wa saba sasa, na wanafunzi wangu hukigombania kuliko rula zenye namba.

Kwa pembemraba, tumia skwea ya seremala, au tumia hesabu ya waashi: toka kwenye kona pima inchi 9 kwenye mkunjo, inchi 12 kwenye mkato, na umbali kati ya alama hizo mbili ukiwa inchi 15, kona yako imesimama.

Chaki inolewe. Chaki butu inaacha mstari wa milimita mbili, na hapo hujui unakata upande gani wa mstari. Mimi napenda kipande cha sabuni ya kuogea kilichobaki chembamba, kinachora vizuri juu ya vitambaa vya giza na kinatoka kwenye maji. Kata ukiuondoa mstari wote, ubaki nje ya mkanda. Ukiamua hivyo, iwe hivyo kwa mikanda yote. Na kwa mkasi usikate zaidi ya safu mbili, safu ya chini hukimbia.

Wewe hukuuliza, lakini wengine watatu wameuliza habari ya rula kuteleza. Bandika vipande vidogo vya msasa laini chini ya rula, ukubwa wa kucha, kwenye kona na katikati, usivifikishe ukingoni. Kisha angalia mkono. Usibonyeze rula kwa kiganja. Panua vidole kama buibui, kidole cha mwisho kikae nje ya rula, kimekanyaga kitambaa huku kimeegemea ukingo wa rula usiokatwa. Hicho ndicho nanga. Kata hadi usawa wa vidole, simamisha kisu bila kukiinua, tembeza vidole mbele, endelea. Mtu anayejaribu kukata inchi 22 bila kuhamisha mkono, rula itamkimbia tu mwishoni. Na kisu kinasukumwa kwenda mbele, hakivutwi kuja kwako hata siku moja. Ukikiweka chini kifunge, hata kama utakichukua tena baada ya dakika moja. Nyembe yake haijui hayo.

Fundi, naomba kujua: rula yangu ni ya sentimita. Inchi 2½ ni sentimita ngapi? Mwalimu wetu alituambia tuweke 6½ ili iwe rahisi.
*Binti wa Kisauni, Mombasa*

Ni sentimita 6 na milimita 3 na kidogo, yaani 6.35. Ukiweka 6½ umezidisha milimita moja na nusu.

Binti yangu, milimita moja na nusu ni kitu kidogo mpaka uihesabu. Miaka kadhaa nyuma nilipata oda ya mifarishi miwili ya vitanda pacha, kwa nyumba moja ya wageni. Kila mmoja mikanda 32. Nilikata wa kwanza kwa rula yangu, na mwanafunzi wangu akakata wa pili kwenye meza ya pembeni kwa rula ya chuma aliyokuja nayo. Tulishona kwa nafasi ileile ya robo inchi kati ya mshono na ukingo, kwa cherehani ileile. Tulipoitandika kwenye vitanda vile viwili vilivyokaa bega kwa bega, mmoja ulimzidi mwenzake karibu sentimita 5. Tuliporudi tukaziweka rula zile mbili pamoja, zikaachana kwa milimita moja na nusu pale kwenye inchi 2½. Mara 32, inafika milimita 48. Nilifumua mfarishi mmoja wote, mkanda kwa mkanda, usiku mbili.

Kwa hiyo jibu langu kwako si kwamba sentimita ni mbaya. Ukitaka kukata mikanda ya 6½, kata, mradi mfarishi wote uwe wa 6½ na wa rula hiyohiyo tangu mkanda wa kwanza hadi wa mwisho. Kinachoharibu ni kuchanganya. Rula moja kwa kazi moja. Hata kama wote wawili mna rula za kiwanda kimoja, zilaze pamoja kwanza mzione.

Futi kamba ibaki shingoni kwa kupimia watu. Ile ya kitambaa hurefuka kwa kuvutwa, na ikishazeeka inasema uongo usioweza kuujua.

Natumia mkono wa kushoto. Maelezo yote ninayoyaona ni ya watu wa kulia. Nasomea ushonaji chuoni Dodoma.
*Kijana wa Dodoma*

Geuza kila kitu, kijana wangu: ukingo mzuri uwe kulia kwako, rula ikae juu ya mkanda, kisu kitembee upande wa kushoto wa rula. Usijilazimishe kukata kwa mkono wa kulia ili ufanane na darasa, utajikata. Angalia pia kisu chenyewe. Vingine vimefungwa nyembe upande mmoja tu, nawe unatakiwa kuifungua na kuihamishia upande wa pili, ili nyembe igusane na rula na si ule mpini. Rula haina kushoto wala kulia, ila namba zinaweza kuanzia upande usiokufaa. Pindua mpaka upate zinazosomeka kutoka kulia, au andika zako kwenye utepe wa karatasi na uzibandike juu.

Bi Fundi, shikamoo. Bibi yangu alifariki mwaka jana akaniachia kanga zake, doti kumi na moja. Nataka kuzifanya mfarishi mmoja. Yeye mwenyewe alikuwa akishona viraka, hakuwa na rula, alikuwa anachana tu kwa mikono na vilikuwa vizuri. Je, nikitumia rula si nitaondoa ule mkono wake?
*Mjukuu, Pangani*

Marahaba, mwanangu. Mungu amrehemu bibi. Barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko zote.

Bibi yako alijua alichofanya. Kanga ya pamba ikitiwa mkasi kidogo ukingoni kisha ikachanwa, inafuata uzi mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho, na hakuna rula duniani inayofuata uzi vizuri kuliko hapo. Muuzaji dukani hufanya hivyohivyo. Na kuna watu waliofanya kwa jicho tu wakaheshimika duniani. Huko Alabama, Marekani, kuna mahali panaitwa Gee's Bend, ambapo wanawake weusi, kizazi cha watumwa wa mashamba ya pamba, walishona mifarishi kwa nguo kuukuu za kazi, wakichana na kukata bila kufuata kipimo. Mwaka 2002 mifarishi yao ilitundikwa katika jumba la sanaa la Whitney mjini New York, na mwaka 2006 posta ya Marekani ikaiweka kwenye stempu. Mikanda yao inapinda, na kupinda kule kunaonekana kama mtu anayeongea. Lakini wanawake wa eneo hilohilo walipoanzisha ushirika wao mwaka 1966, Freedom Quilting Bee, wakaanza kupokea oda za maduka makubwa, ilibidi vipande vilingane, kwa sababu mteja wa pili alitaka alichokiona kwa mteja wa kwanza.

Wewe huna mteja. Kwa hiyo uamuzi ni wako kweli, na sitakusukuma upande wowote. Nitakuambia tu kila njia inafanya nini kwenye kitambaa.

Ukichana, ukingo unavutika. Utauona umejikunja na kuwa na mawimbi, na nyuzi zinachomoka kama milimita mbili tatu kila upande. Ukitaka mikanda ya kuchana, chana kwa inchi 3, piga pasi ukiwa umetia kanji kidogo mpaka ukingo utulie, kisha ushone kwa nafasi ya nusu inchi badala ya robo. Kanga za zamani zilizofuliwa mara nyingi zimelegea. Kabla ya kuchana, shika kona na uvute taratibu. Ikichanika kwa sauti kavu, iko sawa. Ikiachia bila sauti, imeoza, hiyo ikate kwa mkasi na uishonee kitambaa kingine chepesi kwa nyuma.

Njia ninayoipenda mimi kwa kanga ni kuzichanganya zote mbili: chana mara moja tu, mwanzoni, upate uzi wa kweli. Huo ndio ukingo wako wa kuanzia. Kutoka hapo tumia rula. Utagundua jambo ambalo bibi alilijua: uchapishaji wa kanga mara nyingi haufuati uzi. Pindo linaweza kuwa limekwenda upande inchi nzima kutoka kona hadi kona. Kwa mikanda inayotoka kwenye mji, yaani katikati ya kanga, fuata uzi. Kwa mikanda ya pindo, fuata mchoro, kwa sababu jicho litaona pindo likipinda kabla halijaona chochote kingine. Mkanda uliokatwa nje ya uzi utavutika, basi utie kanji na uushone ukiwa kati ya mikanda miwili iliyofuata uzi, itaushika.

Halafu kuna majina. Doti kumi na moja ni majina kumi na moja, na kila jina limeandikwa mara mbili, kwa sababu doti ni kanga mbili. Usikate jina kwa kipimo cha mikanda mingine. Laza rula angavu juu yake uone herufi kwa ndani. Tafuta herufi iliyopanda juu kuliko zote na iliyoshuka chini kuliko zote. Mara nyingi ni mkia wa "j" au "y". Toka hapo acha nusu inchi juu na nusu inchi chini: robo italiwa na mshono, robo itabaki ikipumua. Weka alama kwa sabuni kwenye ncha zote mbili za jina na katikati, kwa sababu jina nalo linaweza kuwa limechapwa upande, kisha ndipo ukate.

Mikanda ya majina haitalingana upana. Moja itatoka inchi 2, nyingine 3. Chukua mpana kuliko wote uwe kipimo, na kila mwembamba uuongezee ukanda wa kaniki juu na chini mpaka ufikie. Ukate huo wa kaniki ukiwa umezidi, ushone, halafu laza rula tena juu ya jina, jina likae katikati ya mistari, upunguze pande zote mbili. Hivyo yote kumi na moja yatalingana, na yale kumi na moja yaliyobaki kwenye kanga za pili utakuwa nayo kwa mfarishi mwingine, au kwa dada zako.